Sufuria ya pili

Dada yangu anakaa Tabata. Mwaka juzi, kwa miezi mitatu, jikoni kwake kulikuwa na sufuria mbili. Ya kwanza ya watu wote: ugali, maharage, mchicha. Ya pili ya kwake peke yake: mayai ya kukaanga kwa siagi, parachichi, kipande cha nyama yenye mafuta. Alipungua kilo 9. Nguo zilimpwaya, watu wakawa wanamsimamisha njiani wampe siri. Ulipoingia mwezi wa nne wa mlo huo, ada za shule zikabana, trei ya mayai ikawa ya nyumba nzima, akarudi kwenye sufuria ya kwanza. Kufikia Krismasi kilo zote zilikuwa zimerudi. Akaniambia, "Kaka, mimi tatizo langu sina nidhamu."

Nidhamu anayo. Anaamka saa 10 alfajiri, anaandaa watoto watatu, anagombania daladala, na jioni ndiye anayepika. Kauli yake iliniuma kwa sababu naisikia kila mahali: njia ni nzuri, aliyeshindwa ni wewe. Naamini imekaa kinyume.

Wanaotetea njia kali, ile ya kukata wanga kabisa au kuishi kwa supu kwa muda, wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Amri ya "usiguse ugali, wali wala mkate" haihitaji mizani wala hesabu. Mtu anaielewa hata akiwa amechoka. Matokeo huonekana mapema. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kilo za wiki ya kwanza ni maji, lakini mkanda ukilegea mtu hupata moyo. Tena ule usemi kwamba kilo zinazotoka haraka hurudi haraka hausimami. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2014, wa watu wapatao 200, ulilinganisha waliopungua kwa kasi na waliopungua polepole. Baada ya takribani miaka mitatu makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha kama asilimia 71 ya walichopoteza. Wa polepole hawakupata kinga yoyote.

Na kwa mwenye kisukari aina ya pili, ukali unaweza kulipa. Nchini Uingereza, timu ya Mike Lean wa Glasgow na Roy Taylor wa Newcastle iliwapa wagonjwa vinywaji na supu za kalori zisizofika 900 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari, bila dawa. Baada ya miaka miwili, asilimia 36. Hilo si jambo dogo. Ila walikuwa chini ya uangalizi, dawa zao zilisimamishwa kwa mpango, na chakula cha kawaida kilirudishwa hatua kwa hatua huku wakifuatiliwa. Mtu anayemeza vidonge vya kushusha sukari na kukata wanga ghafla, akiwa nyumbani peke yake, anaweza kuishiwa sukari mwilini na kuanguka.

Kwa hiyo sibishani na ukali wa miezi mitatu. Ninachouliza ni habari ya mwezi wa nne.

Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa kwa mwaka mzima. Nusu walielekezwa kupunguza wanga, nusu mafuta. Wa wanga walipungua wastani wa kilo 6, wa mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haihesabiki. Hiyo ndiyo habari iliyosambaa. Mimi kinachonikaa kichwani ni utaratibu wenyewe. Kundi la wanga lilitakiwa kwanza lishuke hadi gramu 20 tu kwa siku, karibu na sifuri. Kisha kila mmoja aliruhusiwa kuongeza kidogo kidogo, mpaka afike kiwango cha chini kabisa anachoona anaweza kuishi nacho maisha yake yote. Mwisho wa mwaka walikuwa wanakula wastani wa gramu 130 hivi.

Fikiria hilo. Hawa ni watu waliojitolea, wakapewa vipindi 22 vya mafunzo ya lishe, wanaoishi California ambako chakula cha kila namna kinapatikana. Walianza na gramu 20, na maisha yenyewe yakawafikisha kwenye 130. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu: gramu 130 za wanga ni unga mkavu wa mahindi kama gramu 170. Huo ni ugali wa kutosha kuonekana sahanini! Yaani hata kundi lililoambiwa likimbie wanga lilimaliza mwaka likiwa na nafasi ya ugali, kama lingeishi Tabata. Walichofanya ni kupunguza karibu nusu ya wanga waliozoea, kuacha sukari ya kuongeza na unga uliokobolewa, na kula mboga kwa wingi.

Kabla ya hapo, mwaka 2005, utafiti wa Boston uliwagawa watu 160 katika milo minne mashuhuri ya Marekani. Katika mikali zaidi, wa kukata wanga na wa kukata mafuta, karibu nusu waliacha kabla ya mwaka kuisha. Kilichoelezea nani kapungua hakikuwa jina la mlo. Ni kiasi gani mtu aliushika. Na kuushika mlo kunategemea unaula wapi, na nani, na kwa hela gani. Hapo ndipo mazungumzo yetu mengi yanaponyamaza.

Mlo wa sufuria ya pili una gharama ambazo hazijaandikwa kwenye orodha ya vyakula. Kuna gesi ya kupikia mara mbili. Kuna mtoto anayechungulia sahani ya mama yake na kuuliza kwa nini yeye hapewi yai. Kuna mama mkwe aliyekuja kutoka Korogwe, akamwona mke wa mwanawe kasukuma ugali pembeni, akamwuliza taratibu, "Mwanangu, unaumwa? Au chakula changu kimekushinda?" Kuna msiba, ambako ukipokea sahani ya wali ukairudisha ilivyo, umesema jambo ambalo hukukusudia. Mtu anaweza kuyashinda haya kwa miezi mitatu. Kuyashinda miaka kumi ni kumtaka ajitenge na watu wake.

Mwili nao una vita vyake. Utafiti wa Melbourne uliotolewa mwaka 2011 uliwapunguza uzito watu 50 kwa wiki 10, kisha ukawapima homoni. Mwaka mzima baadaye, homoni za njaa na shibe zilikuwa bado zinasukuma kula. Aliyepungua anasikia njaa halisi, kali kuliko aliyokuwa nayo kabla hajapungua. Dada yangu alipolala akiwaza chapati, mwili wake ulikuwa kazini. Kumwita mvivu ni kutojua.

Kambi yangu nayo ina udhaifu wake, na sitaufunika. "Kula kilekile, punguza kidogo" ni maneno mepesi yasiyoshikika. Kidogo ni kiasi gani? Ugali wetu unakatwa kwa mkono, haupimwi, na mboga ikiwa chache ugali ndio unaoshibisha. Mwambie mtu apunguze ugali bila kumwongezea kitu, umemwambia alale na njaa. Siku ya tano atakula mara mbili. Anayetumia njia hii anahitaji vipimo vilivyo wazi kama vya wenzake wa njia kali.

Vipimo hivyo vimo humohumo jikoni. Upawa wa mafuta ya kula, kama mililita 60, ni karibu kalori 500. Kwa watu watano ni kalori 100 kila mmoja kabla hata ya chakula chenyewe, na nyumba nyingi humimina upawa huo kwenye mchicha peke yake, kisha mwingine kwenye maharage. Chai mbili kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari, ni nyingine 100 hivi. Soda ya nusu lita ni zaidi ya 200. Hapa hakuna aliyenyimwa chakula, wala hakuna sufuria ya pili. Mafuta yakipimwa kwa kijiko, nyumba nzima inafaidika, na chupa inachelewa kuisha. Maharage, kunde na dagaa vinaongezwa ili ugali ubaki saizi ya ngumi bila mtu kulala na njaa. Kwa mwezi mizani itasogea kidogo sana, na ndiyo maana njia hii haina mashabiki.

Dada yangu alianza hivi mwaka jana baada ya Pasaka. Jambo la kwanza lilikuwa kijiko: alikifunga kwa uzi kwenye shingo ya chupa ya mafuta, ili hata msichana anayemsaidia kupika asimimine kwa macho. Sukari ya chai aliishusha kijiko kimoja kimoja, kila mmoja akizoea ndipo anashusha mwingine. Arusi ya binamu yetu alikula pilau, akala na keki, na Jumatatu akaendelea na mchicha wake. Amepungua kilo 5, na mpaka leo hazijarudi. Hakuna anayemsimamisha njiani kumwuliza siri.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao. Mama mkwe yuko tena mjini, na ndiye aliyepakua. Alimkatia donge moja la ugali, akamjazia matembele mpaka ukingo wa sahani, akamwekea dagaa juu, akampa bila kuuliza kitu.