Hati inayokufa siku unapoihitaji

Mzee ana viwanja viwili Kigamboni na pensheni inayoingia benki. Anakwenda kwa wakili, anasaini hati ya kumpa binti yake mamlaka ya kumsimamia mali "endapo nitaugua". Muhuri unagongwa, hati inafungiwa kabatini. Miaka inapita, mzee anapigwa na kiharusi, hawatambui hata wanawe. Binti anaitoa hati, na hapo ndipo anaambiwa kwamba haina nguvu tena.

Chanzo ni Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyorithi kanuni zake kutoka India ya wakati wa Waingereza. Uwakala hukoma pale aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Mantiki yake si mbaya: anayetenda kwa niaba yako yuko chini yako kwa sababu unaweza kumsimamisha wakati wowote, na ukishindwa kumsimamisha anakuwa hana mkubwa. Wanazuoni wengi wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, nao wanasema uwakala huvunjika akili ya aliyeutoa ikiondoka. Wosia hausaidii hapa, maana huanza kufanya kazi mtu akishafariki, na mzee wetu yu hai.

Kinachobaki ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inairuhusu kumteua msimamizi wa mali ya mtu ambaye akili yake haiwezi tena kuisimamia. Ni njia yenye ulinzi, kwani msimamizi anajulikana na anaweza kuulizwa. Lakini inaanza baada ya mambo kuharibika, inataka ripoti za daktari na gharama za wakili, na inawalazimu watoto kusimama mbele ya hakimu waseme baba yao hana akili timamu. Familia nyingi zinaona aibu, zinapita mlango wa nyuma: namba ya siri ya kadi inajulikana kwa mtoto mmoja, simu ya mzee yenye pesa iko kwa mwingine, na fomu inapofika, dole gumba la mgonjwa linashikwa na kubandikwa. Kwa hiyo tusidanganyane, uteuzi tunao tayari. Haujaandikwa tu, wala hauna anayeukagua.

England ilichagua njia nyingine. Chini ya sheria ya mwaka 2005, mtu mwenye akili timamu anaweza kusaini hati inayoendelea kuishi hata akili ikiondoka. Ziko mbili, moja ya mali na fedha, nyingine ya afya na matunzo. Mtu wa pembeni lazima athibitishe kwamba mwenye hati ameelewa na hakushurutishwa, na hati haitumiki mpaka isajiliwe kwenye ofisi ya umma. Ile ya afya huanza kazi pale tu mwenyewe anaposhindwa kuamua. (Mtanzania wa London aliyejaza zote mbili asidhani zitamuuzia kiwanja cha Tanga. Ardhi ya hapa inafuata sheria ya hapa.)

Je, tuichukue kama ilivyo? Kuna sauti moja inayonizuia. Denzil Lush alikuwa jaji mwandamizi wa mahakama ya England inayoshughulikia mambo haya. Mwaka 2017, baada ya kustaafu, alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe hatasaini hati ya namna hiyo. Aliona ulinzi wake ni hafifu: anayeteuliwa na mahakama huweka dhamana na kupeleka hesabu kila mwaka, ilhali aliyeteuliwa kwa hati hadaiwi hivyo kwa kawaida. Ikiwa jaji wa nchi yenye ofisi maalumu ya kusajili hati hizi ana hofu, sisi ambao kiwanja kimoja huuzwa kwa watu wawili tuna sababu ya kuhofu zaidi.

Pingamizi la pili ni la nyumbani. Ukiwa na watoto saba ukamtaja mmoja, umewaambia sita jambo. Wengi watasema kikao cha ukoo kinatosha, na kweli kikao kina macho mengi. Ila nimeona pia kikao kinavyomsogeza mke pembeni: mume yuko wodini hajitambui, na mashemeji ndio wanaoamua ahamishwe hospitali gani. Kwa mke huyo, au kwa mtu asiye na mtoto, jina lililoandikwa ni ngao.

Ndiyo maana ningetenganisha afya na mali. Kwenye afya vishawishi vya wizi ni vichache, na Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 tayari inamtambua mtu aliyepewa na mgonjwa mamlaka ya kuridhia matibabu kwa niaba yake. Tanzania ingeweza kuanzia hapo bila woga mkubwa. Hata hivyo mgonjwa mwenyewe aendelee kuulizwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasisitiza asaidiwe kuamua kabla ya kuamuliwa. Bibi mwenye ugonjwa wa usahaulifu anaweza kushindwa hesabu za benki na bado akajua vizuri anataka kukaa kwa nani.

Kwenye mali, hati idumu lakini iwe na kamba fupi. Pensheni, kodi ya nyumba, dawa na mshahara wa msaidizi, sawa. Kuuza ardhi, twende mahakamani. Nyumba ya familia tayari inahitaji ridhaa ya mwenzi chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na mwenzi huyo akiwa ndiye mgonjwa, hatuwezi kumwachia mteule aridhie na kuuza kwa mkono uleule. Halafu mwenye mali ataje mtu wa pili, ambaye mteule atampelekea hesabu kila mwaka, na mtu huyo asiwe mume au mke wa mteule.