Shokapu za mbele: kazi mbili ndani ya mguu mmoja

Ukitaka kuwaona wenye magari wakigawanyika kambi mbili, uliza kama mtu anaweza kubadilisha shokapu za mbele nyumbani kwake, akiwa na jeki ya buti na spana za kawaida. Mmoja atakwambia ni boliti mbili chini na nati tatu juu, kazi ya Jumamosi asubuhi. Mwingine atakwambia anamjua fundi aliyevunjwa taya na springi. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja ana kazi yake kichwani.

Chukua Corolla 110, gari ambalo bado halijaisha barabarani. Mbele limefungwa mfumo uliobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940: shokapu, springi na mauntingi ya juu (kikalio cha chuma na raba kinachoufunga mguu kwenye bodi) ni mguu mmoja. Toyota waliutumia kwenye Corolla tangu ile ya kwanza ya 1966, kwa sababu vyuma ni vichache na nafasi inayoliwa ni ndogo. Ubaya wake ni kwamba shokapu haichomoki peke yake. Ukinunua mpya, lazima springi ivuliwe kwenye mguu wa zamani ivishwe kwenye mpya.

Kuutoa mguu garini ni kazi ya kwanza, na hapo nipo upande wa wanaojifanyia wenyewe. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, piga jeki, toa tairi. Fungua kishikio cha hosi ya breki na waya wa ABS kama upo. Boliti mbili kubwa za chini, kwa gari hili namba 19, ndizo zenye kiburi, hasa kama gari limekaa sana pwani. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu jioni ya siku iliyotangulia, kisha uvishe kipande cha bomba kwenye mpini wa spana. Nati tatu za juu, si ile ya katikati, ziache mwisho, na awepo mtu wa kuudaka mguu.

Wengi huharibu hapa: boliti zikitoka, hubu, yaani kitovu kinachobeba tairi, inajilaza nje. Hosi ya breki inabaki imebeba uzito ambao si wake, na eksel inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake cha ndani. Ifunge hubu kwa kipande cha waya, yaishe. Na jeki ile usiiamini peke yake. Tafuta stendi, na kama huna, gogo pana la mti mgumu, pamoja na lile tairi ulilolitoa ukililaza chini ya ubavu wa gari. Tofali la saruji halitoi taarifa, linapasuka mara moja.

Kufikia hapo hujahitaji kifaa chochote cha ajabu. Kazi ya pili ndiyo inayoleta ubishi wote, nayo imekaa kwenye nati moja, ile ya katikati juu ya mauntingi.

Gari hili lina uzito wa tani moja na kidogo, na zaidi ya nusu yake iko mbele. Kila springi ya mbele hukaliwa na kilo 300 hivi. Tairi likining'inia mzigo unapungua, lakini springi bado imebanwa, na kinachoizuia isiruke ni hiyo nati. Ukiifungua kabla springi haijabanwa na kitu kingine, mauntingi inafyatuka pamoja na chochote kilicho juu yake, na mara nyingi kilicho juu yake ni uso wa anayefungua. Kuilegeza robo mzunguko gari likiwa limesimama kwa tairi zake ni ujanja unaokubalika. Kuitoa ni habari nyingine.

Wenye kambi ya "inawezekana" wana jibu: funga springi kwa mnyororo, au waya wa nondo, au mkanda wa kufungia mizigo, wakati gari bado limeikandamiza. Nimeona ikifanyika, na sikatai kwamba springi ilibanika. Ila kubana ni nusu ya kazi. Ukishavisha shokapu mpya lazima uiachie, na uiachie polepole, pande zote kwa pamoja. Kibanio cha skrubu, kifaa kilichotengenezwa kwa kubania springi, kinaachia uzi kwa uzi. Waya unaukata, na ukishakatika umekatika. Wanaosifia njia hii husimulia walivyofunga. Walivyofungua wanapita haraka.

Sasa, kambi ya "mpelekee fundi" nayo isijisifu sana. Kuna mafundi wengi wazuri chini ya miembe ambao kibanio hawana, na waya wa nondo niliousema niliuona mikononi mwa fundi. Tena kuna hili. Niliwahi kulipia shokapu mpya mbili, na baada ya wiki tatu moja ikawa inavuja. Nilipopangusa fimbo yake nikakuta alama za meno ya vaisigripu, ile koleo inayojifunga yenyewe, safi kabisa, kama mtu kaing'ata. Fundi alikuwa ameishika fimbo isizunguke wakati anakaza nati ya juu. Ile fimbo hupita kwenye sili kila gari linaposhuka tutani, na ikishakwaruzwa inakuwa tupa. Ilitakiwa nati ishikwe kwa spana ringi, na ncha ya fimbo ishikwe kwa spana nyembamba au alenki, kutegemea ilivyochongwa. Basi ningeifunga mwenyewe nyumbani, bila haraka, pengine nisingeigusa na vaisigripu.

Wapo wanaokwepa nati kabisa kwa kununua mguu kamili wa mtumba kutoka Japani, una springi yake na mauntingi yake. Ni njia halali, na kwa asiye na vifaa ndiyo salama kuliko zote. Lakini unanunua umri usioujua: raba zimekauka, na mafuta yaliyovuja muuzaji ameshayapangusa.

Mimi nazikata kazi hizi pale zinapokatika zenyewe. Miguu yote miwili naitoa mwenyewe, maana shokapu hubadilishwa kwa jozi, naiandika L na R kwa chaki, naipakia kwenye bajaji kwenda kwa fundi ambaye kibanio chake cha skrubu nimekiona kwa macho. Nasimama pale. Dakika chache za kuvisha springi zina bei tofauti sana na bei ya kazi nzima. Hasara yake ni kwamba gari linabaki juu ya magogo, na ukigundua mauntingi imekufa, duka la spea utalifuata kwa daladala.

Na alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mlalo wa tairi, huikwepi. Boliti zile mbili za chini zina uwazi kidogo kwenye matundu yake, na uwazi huo unatosha kubadilisha mlalo wa tairi hata kama ulichora alama kabla ya kufungua. Kama wiki hiyo hela ya alaimenti haipo, ni afadhali uvumilie kugongagonga kwa shokapu za zamani hadi mwisho wa mwezi, kuliko kufunga mpya na kuziacha tairi ziliwe upande wa ndani.