Soga Wakati wa Kushona

Upasuaji ukianza, thieta huwa kimya. Mambo yakienda sawa, ndimi hulegea, na ikifika saa ya kushona, chumba kinaweza kugeuka kijiwe: ligi, bei za viwanja, simu ya mtu inaita. Je, soga hizi zipigwe marufuku?

Wanaotaka kimya hawabahatishi. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa 2015, uliofuatilia operesheni 167 za tumbo, ulikuta kwamba timu zilizoongea zaidi mambo yasiyomhusu mgonjwa wakati wa kufunga kidonda ziliishia na maambukizi mengi zaidi. Watakukumbusha pia marubani: tangu 1981 Marekani inakataza porojo kwenye chumba cha rubani ndege ikiwa chini ya futi 10,000.

Utafiti huohuo, hata hivyo, uliona mazungumzo kuhusu kazi yenyewe yakiendana na maambukizi machache, na jambo hilo halitajwi sana. Tena orodha ya usalama ya WHO, iliyojaribiwa katika hospitali 8 duniani, Ifakara ikiwemo, inataka watu waongee: kabla ya kukata, kila mmoja ataje jina na kazi yake. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Muuguzi mgeni ambaye sauti yake imeshasikika hapati taabu kusema, "Daktari, gozi moja siioni," yaani kitambaa cha kufyonzea damu. Penye kimya cha woga, huenda akameza maneno.

Mfano wa rubani nao una kasoro. Ndege hutua mara moja kwa wote, ila thieta kila mtu ana kutua kwake. Mtaalamu wa usingizi hubanwa zaidi mgonjwa akilazwa usingizi na akiamshwa. Mpasuaji hubanwa katikati. Ndiyo maana kufunga kidonda ni saa mbaya ya kupiga stori: mpasuaji, mkubwa wa meza, ameshuka mlima na anataka kucheka, kumbe wenzake wawili ndio kwanza wanaupanda, mmoja akihesabu gozi na vifaa, mwingine akijiandaa kumwamsha mgonjwa.

Mimi nisingefuta utani wote. Operesheni inayochukua saa sita nzima bila neno la kuchekesha inachosha. Ningempa muuguzi anayehesabu haki ya kusema "kimya," muziki uzimwe, na mkubwa awe wa kwanza kunyamaza. Maana muuguzi akikatizwa kwenye gozi ya kumi na saba, anaanza kuhesabu upya. Na gozi zikipungua, mshono unasimama, ndoo zinapekuliwa, pengine mgonjwa anapigwa eksirei palepale mezani, bado kalala.