Daftari Langu Limekuwa Mali ya Umma

Jamani, leo nimeuziwa maandishi yangu mwenyewe. Na nimelipa. Nimepanga foleni kwanza, kisha nikalipa, na binti wa mashine akanifokea kwamba hana chenji.

Mniwie radhi nianze na heshima zangu, maana kwenye darasa letu la jioni la uchumi, hapa Kampala, mimi ni mtu wa heshima. Vijana wananiita Muzeeyi, nami naitikia kwa uzito unaostahili. Nakaa safu ya pili. Safu ya kwanza unarushiwa maswali, ya tatu husikii kitu, kwa sababu kipaza sauti cha ukumbi ule kilishakufa na matanga yake yakaanuliwa. Nina kaunta buku ya jalada gumu, kalamu za bluu, nyekundu moja, na rula. Ndiyo, rula. Kila ukurasa naupiga mstari wima: kushoto kijisehemu chembamba cha maswali, kulia uwanja mpana wa maelezo, chini naacha mistari mitano sita ya muhtasari. Utaratibu huo aliubuni Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1950, na kusema kweli ni mzuri. Ila unataka mtu uwe umeshafika. Mimi natoka kazini saa kumi na moja, taksi inajaa saa kumi na mbili kasoro, na nikiingia ukumbini mhadhara umeshakula nusu saa. Upande wa maswali naandika "Tuko wapi?" Namnong'oneza jirani. Jirani naye ndiyo kwanza anavua koti.

Mhadhiri hana subira na mtu. Binadamu akiongea kwa utulivu hutoa maneno kama 150 kwa dakika, na mkono wenye bidii hauandiki hata 40. Wetu hana huo utulivu, ana darasa jingine chuo kingine saa mbili usiku. Kwa hiyo nafupisha. D ni mahitaji, S ni ugavi, mshale wa juu bei imepanda, mshale wa chini bei imeshuka. Huo wa chini muhula huu sijautumia.

Vijana hawaandiki. Ubao ukijaa, ukumbi mzima unainua simu utadhani kura inapigwa, picha zinapigwa, kisha watu wanarudi kulala. Yuko mmoja mwenye kompyuta, anachapa kila kitu mpaka kikohozi cha mhadhiri. Nikamsogelea kama mzazi. Nikamweleza kuwa mwaka 2014 watafiti Mueller na Oppenheimer waliwapima wanafunzi, wa kompyuta wakaandika maneno mengi zaidi, lakini kwenye maswali ya kuelewa wakapitwa na wa kalamu. Kijana akanijibu bila kuacha kuchapa: "Muzeeyi, mwaka 2019 wengine walirudia jaribio hilo, tofauti haikuonekana sana." Watoto wa siku hizi hawana adabu kabisa. Wanasoma.

Basi wiki ya mitihani ilipokaribia, binti mmoja wa safu za nyuma akaja na sauti ya asali. "Muzeeyi, nipige picha ukurasa mmoja tu." Ukurasa mmoja ukawa sura, sura ikawa "nakuletea kesho", na kesho hiyo daftari liko Makindye. Napiga simu, liko Kireka kwa binamu yake. Binamu anasema kalipeleka Ntinda. Daftari langu limetembea Kampala kuliko mimi. Na mtihani unakuja, na Ebbinghaus wa Ujerumani alishajipima akaandika mwaka 1885 kwamba ndani ya saa moja alikuwa amesahau zaidi ya nusu ya alichokariri. Yeye alikuwa anakariri silabi zisizo na maana. Mimi nakariri uchumi, tena umeme ukiwa umekwenda zake, nimebana tochi ya simu kwa meno.

Mwisho kijana wa kompyuta ndiye aliyenihurumia. "Nenda Wandegeya, kwenye fotokopi. Zinauzwa."

Nikaenda. Kibanda cha upana wa mlango, mashine mbili, joto la tanuru, foleni mpaka barabarani. Ilipofika zamu yangu binti akauliza bila kuinua kichwa:

"Za mhadhiri au za Muzeeyi?"

Moyo ukaruka. "Za Muzeeyi zikoje?"

"Ndizo zinazotoka, ssebo. Za mhadhiri watu wanazirudisha."

Nikajinyoosha kola kidogo. "Na huyo Muzeeyi ni nani?"

"Alisoma zamani. Nasikia alishafariki."

"Alishafariki?"

"Mwandiko kama ule, ssebo, wa siku hizi hawana."

Nikakohoa. Nikamwambia kwa upole kwamba marehemu ndiye mimi. Akainua kichwa kwa mara ya kwanza, akanitazama viatu, akasema, "Wote wanasema hivyo ili wapunguziwe." Foleni ikacheka. Kijana mmoja nyuma yangu akajifanya hakimu: niandike neno, walinganishe. Nikaandika. Sasa mtu umesimama saa nzima juani, unaandikia juu ya paja, na watu wanakuchungulia begani, mwandiko utatoka wapi? Hakimu akachukua karatasi, akaiweka kando ya fotokopi, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hapana. Muzeeyi herufi yake ya g ina mkia." Kesi ikaisha. Shilingi 100 kwa ukurasa, na kubana pembeni bei yake. Nikalipa notsi za marehemu.

Hayo ningeyameza. Lakini nikamkuta yule hakimu anakariri kwa sauti ukurasa wa mahitaji: "Mkaa gunia moja. Sabuni. Ada ya mtoto. Mwenye nyumba, Jumatatu." Damu ikaniganda. Siku ile umeme ulikatika katikati ya mhadhara, tukakaa gizani tukisubiri jenereta, nami kwa kuwa sisi tuliolelewa kambi ya jeshi Jinja hesabu za nyumbani tunaziandika kwa Kiswahili, nikaorodhesha shida zangu pale pembeni kwa mwanga wa simu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipopitisha Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima nilifurahi kuliko wote. Sikujua watanisomea bajeti.

"Kijana, hayo si ya somo," nikamwambia. "Futa."

"Mzee, usitupoteze. Hiyo ndiyo mifano."

Jaribio la darasani likarudi, swali likiwa mambo yanayobadili mahitaji. Waliotaja mkaa na mwenye nyumba wamepata 8 kwa 10. Mimi, mwandishi wa kitabu, niliyeandika kipato cha mlaji, bei ya bidhaa mbadala, ladha na idadi ya walaji, nimepata 6, na kwa wino mwekundu: "Toa mifano ya maisha halisi." Maisha halisi! Mwenye nyumba bado sijamlipa!

Sasa mhadhiri anasema kuanzia wiki ijayo atatutumia notsi WhatsApp, tuache kuhangaika na madaftari. Bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12 tangu 2021. Nikafungua faili la kwanza, lilishuka mpaka bando likakata, na ndani mna picha ya ubao, imepigwa kutoka nyuma, na katikati ya ubao kuna kisogo changu. Fomula yote iko chini ya kisogo.

Nikasema heri nile. Rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai mawili, imekuwa nyembamba unaona barabara upande wa pili, na mayai nadhani ni ya njiwa. Nimemuuliza muuzaji, kaniambia kabichi nayo imepanda. Kwani nimeuliza kabichi?

Mtu wa boda ndiyo kanimaliza. Anataka elfu tatu mpaka Kawempe, nami nimezoea elfu mbili. Nikamuuliza sababu, akasema mvua. Nikamwonyesha mbingu, haina hata wingu moja. Akasema, "Itanyesha, Muzeeyi. Panda."