Maji, chumvi au chuma: farumi ya matairi ya trekta na siku itakapovuja

Trekta ikivuta plau kwenye udongo mgumu, na magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka kwa kasi kuliko chombo chenyewe kinavyosonga, hasara haiishii kwenye muda. Dizeli inaungua bure, meno ya tairi yanalika, na udongo wa juu unasagwa pale ambapo ulitakiwa kukanyagwa tu. Dawa yake ni uzito. Mabaharia wana neno la zamani, farumi, kwa mzigo unaowekwa chini ya chombo ili kitulie majini, nami nitaliazima, kwa kuwa kimiminika kinachotiwa ndani ya tairi la trekta kinafanya kazi inayokaribiana na hiyo: kinaongeza uzito, na kinauweka chini.

Kwamba farumi inasaidia, hakuna anayebisha. Ubishi unaanza kwenye aina ya kimiminika, na hapo wengi hutumia kipimo kimoja tu, yaani kipi kina kilo nyingi zaidi kwa lita. Naona kipimo hicho kimepewa heshima kubwa mno. Linalopaswa kuulizwa kwanza ni kama uzito huo unahitajika mwaka mzima au kwa msimu mmoja tu wa kulima. Linalofuata ni kimiminika hicho kitafanya nini siku tairi litakapotoboka.

Hata kabla ya hapo, inafaa kujua kama uzito umepungua kweli. Njia ya chaki ni rahisi na haina gharama. Weka alama kwenye tairi la nyuma, lima plau ikiwa ardhini hadi gurudumu litimize mizunguko 10, kisha rudia umbali uleule plau ikiwa imeinuliwa huku ukihesabu. Ukipata mizunguko 8.5 hadi 9, magurudumu yanateleza kwa asilimia 10 hadi 15, na hapo trekta iko sawa kwa kazi ya shambani. Ukipata 7, uzito ni haba. Ukikaribia 10 kamili, trekta ni nzito kupita kiasi: injini inatumia nguvu kujivuta yenyewe, gia na ekseli zinabeba adhabu, na udongo unashindiliwa hadi kina ambacho plau haifiki. Asiyependa hesabu na asome nyayo. Alama za meno zikiwa zimefutika kabisa, tairi linakwangua. Zikiwa zimechorwa kali kama muhuri kutoka ukingo hadi ukingo, uzito umezidi. Zikiwa wazi pembeni lakini zimevurugika kidogo katikati, acha kama ilivyo.

Tuseme kipimo kimeonyesha upungufu. Mtetezi wa vyuma vinavyofungwa kwa bolti kwenye gurudumu ana hoja nzito, nayo ni kwamba chuma huvuliwa. Trekta ile ile inayolima mwezi huu itanyunyizia dawa au kuvuta trela tupu mwezi ujao, na kilo mia kadhaa zisizo na kazi ni mafuta yanayotupwa na udongo unaobanwa bila sababu. Chuma pia hakigusi upepo wa tairi, kwa hiyo tairi linabaki laini na linakunjika linavyotakiwa. Mtetezi wa kimiminika naye anajibu kwa bei: kwa kila kilo, maji hayana mshindani, na tairi la nyuma la ukubwa wa 18.4-38 likijazwa robo tatu linapokea kati ya lita 450 na 500, karibu nusu tani kwa upande mmoja, bila kuongeza upana wala kuning'iniza kitu nje. Tena sehemu kubwa ya uzito huo iko chini ya ekseli, jambo ambalo dereva wa kwenye mteremko hulihisi mara moja.

Kuna dhana moja inayowaponza wenye trekta za loda ya mbele, yaani koleo kubwa la kuinulia mizigo. Kimiminika cha matairi ya nyuma, sawa na vyuma vya gurudumu, hukaa kwenye mstari wa ekseli ya nyuma. Kinaisaidia trekta isiinue mkia, lakini hakiipunguzii ekseli ya mbele mzigo. Anayetaka kuipunguzia lazima aweke uzito nyuma kabisa, kwenye mikono mitatu ya kufungia zana, ambako unafanya kazi kama mtu aliyekaa mwisho wa ubao wa pembea.

Sasa vimiminika vyenyewe. Maji matupu yana kilo moja kwa lita, yanapatikana popote, na yakimwagika hayadhuru kitu. Kasoro yake kubwa ni kuganda. Yanapogeuka barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9, na ingawa nafasi ya upepo iliyoachwa juu huweza kumeza utanuko huo, bonge la barafu lililoganda upande mmoja hulifanya gurudumu lizunguke kama jiwe lisilo duara. Mahali pasipo na baridi ya namna hiyo, mjadala ungeweza kuishia hapa: maji, pamoja na dawa ya kuzuia kutu.

Penye baridi kali, kloridi ya kalsiamu imetawala kwa miongo mingi, na haikutawala kwa bahati. Mchanganyiko wenye asilimia 30 ya chumvi hiyo kwa uzito una karibu kilo 1.28 kwa lita, na hauwi barafu hata baridi ifike nyuzi 40 chini ya sifuri. Ni rahisi, na ni mzito. Lakini hebu tuutazame huo uzito: kwenye lita 480, tofauti yake na maji ni kama kilo 130 kwa tairi, kiasi ambacho vyuma vichache vya gurudumu vinaweza kukifidia. Kwa hiyo faida ya chumvi isiyo na mbadala rahisi ni kutoganda, na uzito ni nyongeza tu. Gharama yake ni kutu. Ikiwa ndani ya tyubu nzima, haiigusi rimu na inaweza kudumu miaka mingi bila madhara. Tatizo huanzia kwenye valvu, ambako tone moja linalovuja kwa siku hutambaa kati ya tyubu na chuma na kula kimyakimya hadi tundu la valvu lipanuke. Kwenye tairi lisilo na tyubu hali ni mbaya zaidi, hasa likijazwa nusu, kwa sababu chuma hulowa chumvi na kupata hewa kwa kupokezana kila gurudumu linapozunguka. Na mwiba ukipenya ukuta wa tairi, lita mia kadhaa za maji ya chumvi humwagika shambani, na pale palipomwagika mimea hufa.

Ethilini glikoli, ile ile iliyomo kwenye maji ya rejeta, haigandi kirahisi na haili chuma ikiwa na viambato vyake vya kuzuia kutu, ila ni sumu yenye ladha tamu, na mnyama atakayekuta dimbwi lake atalinywa. Kwa shamba lenye mifugo au hata mbwa mmoja, mimi ningeifuta kwenye orodha bila mjadala. Propilini glikoli haina hatari kubwa hivyo, lakini ni ghali na haiongezi uzito wa maana juu ya maji. Methanoli ni nyepesi kuliko maji, inawaka na ina sumu. Sioni sababu ya kuitetea. Huko Marekani na Kanada kuna pia kimiminika kinachotokana na viazisukari, chenye takriban kilo 1.3 kwa lita, kisichoganda upesi wala kula rimu. Kwa sifa hicho ndicho bora kuliko vyote; upungufu wake ni bei, na kwamba mbali na viwanda vya sukari hiyo hakipatikani.

Kuna gharama ambayo haijali umechagua kipi, nayo ni ugumu wa tairi. Kimiminika hakibanwi, kinachobanwa ni upepo uliobaki juu yake. Tairi lililojazwa robo tatu lina mto mdogo wa upepo, hivyo hurushwa na matuta, na la rediali, yaani aina yenye kuta zinazokunjika kwa urahisi, hupoteza ule ukunjufu uliolifanya linunuliwe kwa bei kubwa. Ndiyo maana ushauri wa kawaida kwa rediali, pale ambapo kimiminika hakikwepeki, ni kutovuka asilimia 40, na matairi yote ya ekseli moja yawe na kina sawa.

Geji nayo hudanganya. Valvu ikiwa chini, geji husoma upepo pamoja na uzito wa maji yaliyo juu yake, na mita moja ya maji ni karibu psi 1.4 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), jambo kubwa kwa tairi linalotakiwa kuwa na psi 12. Pimia valvu ikiwa juu kabisa, kwa geji iliyotengenezwa kwa matairi ya maji, maana ya kawaida itaoza ndani.

Anayenunua trekta iliyotumika hurithi uamuzi wa mwingine. Zungusha gurudumu hadi valvu iwe chini na ubonyeze sindano yake kidogo: kikitoka kimiminika kinachokauka na kuacha unga mweupe, na rimu kuzunguka valvu ina magamba ya kutu, tenga bei ya rimu kabla ya kukubaliana bei ya trekta.