Nyumba Yangu, Ruhusa Yao

Nyumba mpya ya siku hizi ni yako wakati wa kulipa mkopo tu. Ukitaka kuigusa, ina wenyewe.

Nina hapa rasimu ya mkataba wa kununua nyumba kwenye mtaa wa nyumba za mradi. Habari ya vyumba na choo imeisha upesi, masharti ndiyo yamejaa. Nguo zisionekane kutoka barabarani. Sasa nianike wapi, uvunguni? Kufuga kuku marufuku. Uzio wa mbele hapana. Pikapu yenye maandishi ya biashara isilale nje ya nyumba, yaani fundi bomba anaruhusiwa kununua hapa mradi asionekane kuwa ni fundi bomba. Mlango ubaki kijivu "kilichoidhinishwa". Kuongeza chumba inawezekana, ila uombe kwa maandishi, na maombi yana ada, ukubaliwe usikubaliwe. Nalipa ili nikataliwe!

Dada wa mauzo ananiambia, "Usijali bosi, hayo hakuna anayefuatilia." Hapo ndipo jasho liliponitoka. Kitu kisichofuatiliwa kinaandikwa kurasa zote hizo za nini?

Mama watoto yeye anayapenda. Anasema jirani naye kafungwa na masharti hayo hayo, hawezi kuchomelea mageti usiku chini ya dirisha letu. Hapo sina jibu, nikanyamaza.

Wakili ndiye aliyenimaliza. Kumbe masharti ya namna hii yanaweza kumfuata hata atakayeinunua kwangu. Akanipa kisa cha London: mwaka 1808 bwana Tulk aliuza bustani ya Leicester Square kwa sharti isijengwe. Ikapita mikononi mwa watu hadi kwa Moxhay, naye akataka kujenga. Hakuwahi kuweka saini yoyote na Tulk, lakini mwaka 1848 mahakama ikamwambia: ulinunua huku ukilijua sharti, basi litakubana. Maskini Moxhay, na hakuwa na hata kuku.

Lakini kuku nawasamehe. Kinachoninyima usingizi ni ada ya huduma. Nyasi, taa, mitaro ya maji ya mvua, na barabara za ndani ambazo halmashauri haijazipokea, vyote juu yetu. Kodi ya serikali nayo palepale. Ada ya mwaka wa kwanza ni ndogo mpaka inatia huruma. Nikatafuta kwenye mkataba ukomo wake, sikuuona. Kilichoandikwa ni "gharama halisi", pamoja na asilimia ya kampuni ya usimamizi juu ya gharama hizo. Soma tena taratibu, ndugu yangu: nyasi zikikatwa kwa bei mbaya, msimamizi anapata zaidi! Nikachukua kikokotoo. Ikipanda asilimia 7 kila mwaka, baada ya miaka 10 inakaribia kuwa mara mbili. Na usipolipa, kuna riba, kuna barua ya kukukumbusha, na barua nayo ina bei yake.

Basi nikaandika maswali yangu kistaarabu. Ada ina ukomo? Hesabu za matumizi tutaonyeshwa? Wenye nyumba tunaweza kuifukuza kampuni hiyo tukiichoka?

Dada wa mauzo akayasoma yote, akatabasamu. Maswali ya aina hiyo, akasema, yanajibiwa na kampuni ya usimamizi yenyewe. Kuna ada kidogo, inalipwa kabla.