Nyuzinano zenye vishanga: usikimbilie volti

Nyuzi zikitoka na vishanga, yaani vinundu kama shanga, wengi hukimbilia kupandisha volti. Katika kufua nyuzinano kwa umeme (electrospinning), ambako volti kubwa huvuta myeyusho wa polima kutoka sindanoni ukawa nyuzi nyembamba mno, naona huko ni kupoteza siku, maana mara nyingi kasoro iko kwenye chupa ya myeyusho.

Chukua PVA (polivinili alkoholi), polima, yaani dutu ya molekuli ndefu kama minyororo, iliyo rahisi kuanzia kwa kuwa huyeyuka kwenye maji. Pima gramu 10 kwa gramu 90 za maji. Nyunyiza unga kidogo kidogo kwenye maji baridi huku yakikorogwa, ndipo upashe moto hadi nyuzijoto 80 au 90 za Selsiasi, chombo kikiwa kimefunikwa. Ukianza na maji ya moto, unga hulainika nje na kubaki mkavu ndani, na mabonge hayo ndiyo yatakayoziba sindano. Uache upoe hadi mapovu yaishe.

Anza na kilovolti 15, sentimita 15 kutoka ncha ya sindano hadi karatasi ya alumini, na pampu ikisukuma mililita 0.5 za myeyusho kwa saa. Kisha tazama ncha. Tone likivutwa likawa koni tulivu, ile aliyoieleza Geoffrey Taylor mwaka 1964, uko sawa. Likidondoka, punguza kasi ya pampu. Koni ikirudi ndani ya sindano, umeme unavuta kuliko pampu inavyoleta.

Koni imetulia na vishanga bado vipo? Basi minyororo ya polima haijasongamana vya kutosha, na mvutano wa uso unaukatakata mchirizi kabla haujakauka. Panda hadi asilimia 12, au tumia PVA yenye molekuli ndefu zaidi. Volti haiongezi minyororo.

Unyevu wa hewa nao husahaulika mno. Ukizidi asilimia 60 hivi, maji hayawahi kukauka njiani. Nyuzi hufika mbichi na kugandana. Kipima unyevu kando ya mashine kina faida kuliko pampu ya kifahari.

Linaloniudhi zaidi ni picha nzuri za darubini ya elektroni zinazopewa jina la "kichujio cha maji", ilhali utando wa PVA ambao minyororo yake haijafungamanishwa kwa kemikali ya glutaraldehidi au kwa joto huvimba na kuyeyuka ukilowa. Loweka kipande saa 24, kikaushe, kipime uzito upya, ndipo upige picha. Na kabla ya kukibandua kwenye alumini, zima umeme na ugusishe sindano na waya wa ardhi.